Aliyeuza Nyumba ya Uriri ni Nani?

Malalamiko ya walimu dhidi ya watu waliowauzia nyumba kisha wakakataa kukamilisha mauzo yamekuwa mengi, na aghalabu huja katika sentensi moja: "Nimemlipa, na sasa hataki kutia sahihi." Nimeisikia katika vyumba vya walimu, nimeisikia matangani, na nimeisikia ndani ya matatu baina ya Awendo na Migori. Mimi si wakili. Kazi yangu ni kufundisha isimu. Lakini sentensi inapokaririwa na watu wengi kiasi hicho hunishughulisha, na katika hii kilichonishughulisha ni kile kiambishi kidogo cha mtendwa, yaani -m- iliyomo ndani ya "nimemlipa". Amelipwa nani hasa? Na huyo aliyelipwa alikuwa na nini cha kuuza?

Mpwa wangu ni mwalimu wa shule ya msingi katika Uriri, Kaunti ya Migori. Mwaka 2021 aliamua kwamba amechoka kupanga. Alipata nyumba ya matofali yenye vyumba vinne na paa la mabati, iliyojengwa juu ya nusu ekari ya ardhi isiyo mbali na barabara kuu itokayo Kisii, ikapita Rongo na Awendo, hadi mjini Migori. Ubavuni mwake mna miwa, nyuma mna migomba. Muuzaji alikuwa kijana mpole wa miaka thelathini na kitu, aliyetaka fedha za kuanzisha biashara mjini. Wakapatana bei. Mpwa wangu akachukua mkopo katika chama cha akiba na mikopo, akatoa arubuni, kisha akalipa tena na tena hata ikatimia theluthi mbili ya bei. Mwezi uliofuata makato yakaanza kuonekana katika mshahara wake, na mwezi huo huo kijana akabadilika.

Siku ya kwanza ya kufika mbele ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, kijana alisema ana homa. Mara ya pili akasema mama yake amezidiwa. Mara ya tatu simu haikupokelewa kabisa. Mpwa wangu alipomfuata nyumbani alikuta mlango umefungwa na mbwa amefunguliwa. Ndipo akaja kwangu, sauti yake imekauka: "Mjomba, huyu mtu ni mwizi tu. Nataka kumpeleka polisi." Nilimwomba kwanza anionyeshe mapatano yao.

Niruhusiwe kusema neno juu ya arubuni kabla sijaendelea. Neno hili tumelipata kutoka Kiarabu, na maana yake ni sehemu ya bei inayotangulizwa ili kuthibitisha nia. Ni neno la kale sana katika lugha za Kisemiti, na hata Wayunani wa zamani waliliazima. Sauti zake zinakaribiana mno na za kitenzi "rubuni", yaani kumshawishi mtu kwa hila. Sitadai hapa kwamba moja limezaliwa na jingine, lakini mwalimu yeyote aliyewahi kutoa arubuni kwa mtu asiyemfahamu vyema ataelewa kwa nini masikio yangu huyasikia pamoja.

Mapatano yenyewe yalikuwa kurasa nne za Kiingereza, yamepigwa chapa vizuri, yana mhuri na sahihi mbili na jina la shahidi. Mpwa wangu aliyashika kama mtu anavyoshika cheti cha mtihani. Nilimwuliza kama muuzaji aliyasoma. Akasema alisomewa. Nikauliza alisomewa kwa lugha gani. Akanyamaza.

Tulikwenda Uriri siku ya Jumamosi, tukamkuta kijana, na hakukimbia. Alitukaribisha chini ya mwembe, akaleta viti, na mama yake akatoka ndani ya nyumba kutusalimu. Nasema alitoka ndani ya nyumba, kwa kuwa jambo hilo mpwa wangu, katika ziara zake zote, hakuwa amelitia maanani. Mama yule alikuwa akikaa katika vyumba viwili kati ya vile vinne. Mbele ya nyumba, hatua chache kutoka pale tulipokaa, palikuwa na kaburi la saruji lililosakafiwa vizuri, la mume wake aliyefariki mwaka 2009 na ambaye ndiye aliyeijenga nyumba.

Kijana alichukua zile kurasa nne, akaweka kidole juu ya kifungu kimoja, akaniuliza: "Mwalimu, hapa pameandikwa nini?" Kilikuwa kifungu kinachosema kwamba nyumba itakabidhiwa kwa mnunuzi ikiwa tupu, bila ya mtu yeyote ndani yake. Nilimfasiria kwa Dholuo. Alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema kwamba alipoulizwa kama ataikabidhi nyumba tupu alidhani wanasema vitanda na makabati. Mama yake, aliyekuwa amesimama akisikiliza, hakusema neno. Aliingia ndani akafunga mlango.

Hapo ndipo nilipoanza kuuelewa ule ukaidi. Homa ya siku ya kwanza ilikuwa uongo, sawa. Lakini ugonjwa wa mama haukuwa uongo mtupu: kijana alikuwa ameanza kumdokezea mama yake habari ya mauzo, na mama alikuwa amekataa kula.

Jumatatu tulikwenda kuangalia rejista katika ofisi ya ardhi. Ada yake ni ndogo na kazi yake ni ya siku chache. Ingefaa ifanywe kabla ya shilingi ya kwanza kutoka mfukoni. Kipande kile cha ardhi kilikuwa bado kimeandikwa jina la marehemu. Hakukuwa na mirathi iliyowahi kufunguliwa. Kwa maneno mengine, mpwa wangu alikuwa ameingia katika mapatano na mtu ambaye, kwa upande wa sheria, hakuwa na uwezo wa kumwuzia hata kizingiti cha mlango.

Wanafunzi wetu wa isimu husoma habari za J. L. Austin, mwanafalsafa wa Oxford, ambaye mihadhara yake ilichapwa mwaka 1962, baada ya yeye kufariki. Austin alionyesha kwamba si kila usemi hueleza jambo; semi nyingine hulitenda. Anayesema "naahidi" hasimulii habari ya ahadi, bali anaahidi pale pale. Lakini usemi wa namna hiyo hutenda kazi pale tu msemaji anapokuwa na mamlaka yanayofaa. Mtu asiye kadhi akiwaozesha wawili barabarani, hakuna ndoa, hata kama ameyatamka maneno yote bila kukosea. Nimefundisha mfano huo kwa miaka mingi bila kuwaza kwamba "nakuuzia" ni usemi wa aina hiyo hiyo. Kijana wa Uriri alitamka "nakuuzia" kwa moyo safi, mbele ya shahidi, na hapakuuzwa kitu.

Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika nchini Kenya tarehe 1 Julai 1981, inakataza mtu kuigusa mali ya marehemu bila idhini ya sheria. Hata msimamizi aliyekwisha kuteuliwa na mahakama haruhusiwi kuuza ardhi kabla uteuzi wake haujathibitishwa. Utaratibu wenyewe huanza na barua ya chifu inayowataja warithi wote, hufuatwa na tangazo katika Gazeti rasmi la Serikali na siku 30 za kungojea pingamizi, na kwa kawaida miezi 6 hupita baina ya uteuzi na uthibitisho. Huo ni muda mrefu kwa mtu anayekatwa mkopo kila mwezi, nakubali. Lakini ni mfupi ukilinganishwa na kesi.

Lugha ya wenyeji wa Uriri ingeweza kumwonya mpwa wangu, ambaye anaizungumza tangu utotoni. Katika Dholuo neno "wuon" lina maana ya baba na lina maana ya mwenye. Baba wa mtoto ni wuon, na mwenye duka ni wuon pia. Kiswahili chetu kimeyatenga mawili hayo: baba ni baba, mwenye nyumba ni mwenye nyumba. Anayefikiri kwa Dholuo hujua, bila kufundishwa na wakili, kwamba anapokufa baba kuna swali limebaki wazi juu ya mwenye. Mtoto wa kiume hawi wuon kwa sababu tu ndiye anayeshika funguo. Mpwa wangu aliyajua haya kwa ulimi wake, lakini mapatano aliyafikiria kwa Kiingereza.

Kuna tofauti nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo ni ile ya "ot" na "dala", yaani nyumba na boma. Wakubwa miongoni mwetu watakumbuka jinsi tofauti hii ilivyolishughulisha taifa zima wakati wa kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986 na kuzikwa Nyalgunga, Siaya, mwezi wa Mei 1987. Katika mabishano yale ilielezwa mbele ya mahakama kwamba Mjaluo anaweza kuwa na nyumba nyingi popote, Nairobi au Ngong, lakini boma lake liko kwao. Mtu aweza kuukubali ukoo au kumhurumia mjane katika kesi ile (mimi mwenyewe huegemea kwa mjane), na bado akaona kwamba tofauti yenyewe si ya kubuni. Nyumba yaweza kuuzwa. Boma lenye kaburi ndani yake ni vigumu kuuzika, na nalitumia neno hili nikijua jinsi linavyokaribiana na "kuzika".

Kwa hiyo mnunuzi anapouliza, "Unauza nyumba kwa kiasi gani?" na muuzaji akataja bei, si lazima wawe wamezungumza juu ya kitu kimoja. Uriri imeyajua matatizo ya namna hii kwa muda mrefu. Katika nchi ya Kanyamkago wamekaa wageni wengi, zikiwemo familia za Wamaragoli kutoka Magharibi, waliolima bega kwa bega na wenyeji. Wapo walionunua, na wapo waliokaribishwa wakae tu, ambao Wajaluo huwaita "jodak". Aliyekaribishwa na aliyenunua wanaweza kupanda mahindi yale yale kwa miaka arubaini, na hakuna anayeona tofauti mpaka siku wazee waliokuwapo wanapokwisha kufa wote.

Sisemi kwamba hakuna wauzaji wakaidi kwelikweli. Wapo. Yuko yule mwenye hati miliki kwa jina lake, asiye na mirathi wala mjane wa kumzuia, ambaye amepokea fedha kisha akasikia kwamba lami itapita karibu, akatambua kuwa angalipata zaidi. Huyo huanza kuugua siku za bodi. Kwa huyo sheria ina meno. Mapatano mengi hufuata masharti ya Chama cha Mawakili cha Kenya, ambayo humpa aliye tayari haki ya kumpelekea mwenzake ilani ya siku 21. Mnunuzi anaweza kuandikisha tahadhari katika rejista ili ardhi isihamishwe kwa mtu mwingine kwa siri. Na akienda mahakamani akashinda, mahakama inaweza kumwamuru muuzaji atie sahihi, na akikataa, inaweza kumteua ofisa wake atie sahihi badala yake. Wasomaji wengi hawalijui hili la mwisho: sahihi ya mkaidi si kufuli isiyo na ufunguo wa pili.

Lakini saa inakwenda. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967 inadai idhini ya bodi kwa ardhi ya kilimo, na ombi lapaswa kupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mapatano, ijapokuwa mahakama yaweza kuurefusha muda huo. Pasipo idhini, mapatano ni batili na aliyelipa hubaki na haki ya kudai fedha zake kama deni la kawaida. Muuzaji mjanja huijua miezi hiyo sita kuliko mnunuzi, na homa zake huzihesabu kwa kalenda. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ilitoa hukumu mbili zilizovutana, moja ikiyashika maandishi ya sheria ile bila kulegeza, nyingine ikimlinda mnunuzi aliyekwisha kulipa na kuwekwa shambani. Mwaka 2018 mahakama hiyo iliegemea upande wa kumlinda mnunuzi, ikikataa muuzaji aufanye ukosefu wa idhini kuwa ngao ya dhuluma. Ni faraja, ila mpwa wangu hakuwa amewekwa mahali popote. Alikuwa na kurasa nne na makato ya mshahara.

Na hata dhidi ya mwenye hati, kuna mke au mume. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 haimruhusu mmoja kuuza mali ya ndoa bila ridhaa ya mwenziwe. Mwalimu anayefurahi kwamba muuzaji "ameamua haraka kama mwanamume" afahamu kuwa haraka hiyo ndiyo itakayomrudisha mahakamani akiwa mshtakiwa.

Sasa nirudi kwa jambo linaloniudhi mimi kama mtu wa lugha. Sheria yetu ya Mikataba inadai kwamba mapatano ya kuuziana ardhi yaandikwe, yatiwe sahihi na pande zote na yashuhudiwe. Haidai yawe ya Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hakuna kinachomzuia mwalimu kumwambia wakili wake ayaandike mapatano kwa Kiswahili, au yaandikwe kwa lugha mbili, na yasomwe kwa Dholuo mbele ya kila anayelala katika nyumba ile. Tunawafundisha wanafunzi kuandika barua rasmi, kumbukumbu za mikutano na hotuba za kuaga. Sijaona darasa linalofundishwa kuandika mapatano ya kununua mbuzi, sembuse nyumba. Mali bila daftari, wahenga walisema, huisha bila habari. Lakini daftari lisilosomeka na mmoja wa wahusika nalo huimaliza mali, tena kwa mhuri.

Nitaambiwa kwamba Kiingereza ndicho chenye istilahi zilizokomaa za sheria. Si kweli kiasi hicho. Maneno kama amana, rehani, dhamana, wakfu, mirathi, hati na arubuni yalikuwa yakitumiwa mbele ya makadhi wa pwani kabla mahakama ya kwanza ya Kiingereza haijafunguliwa Mombasa. Tatizo letu ni uvivu, na pia ni mapato: karatasi asiyoielewa mteja huonekana kuwa na thamani kubwa zaidi.

Mpwa wangu hakwenda polisi. Nilimshauri hivyo, na hakunipenda kwa wiki kadhaa. Warithi walifungua mirathi, barua ya chifu ikamtaja mama kwanza na watoto wake watano baadaye, wawili kati yao mabinti walioolewa ambao kijana hakuwa hata amewapigia simu. Mmoja wao alileta pingamizi, kisha akaiondoa. Ilichukua zaidi ya mwaka. Muda wote huo makato yaliendelea, na mpwa wangu aliendelea kulipa kodi katika kile chumba chake sokoni.

Uthibitisho ulipopatikana, mama, ambaye sasa alikuwa msimamizi wa mirathi, alituita. Alisema nyumba haiuzwi akiwa hai. Lakini fedha za mwalimu zilikuwa zimekwisha kuliwa na mwanawe, na yeye si mtu wa kulala na deni la mtu. Angetoa robo ekari upande wa barabara, mbali na kaburi, na mpwa wangu ajenge mwenyewe. Warithi wengine walikubali. Mpwa wangu alinitazama, nami nikatazama miwa. Hatimaye akasema, "Sawa, mama."

Mapatano mapya niliyaandika mimi kwa Kiswahili, wakili akayapitia na kuyarekebisha, na siku ya kutia sahihi yalisomwa kwa Dholuo pale chini ya mwembe, polepole, kifungu baada ya kifungu. Katika sentensi ya tatu mama aliinua mkono. Nilikuwa nimeandika kwamba yeye, pamoja na warithi wenzake, "ameuza" kipande kile cha ardhi. Alitaka neno hilo libadilishwe.

"Sijauza," alisema. "Bodi haijakaa, na mpimaji hajaja. Andika kwamba nitauza. Siku hayo yakiisha mtarudi hapa, tuandike kwamba nimeuza."

Nimefundisha nyakati za kitenzi kwa zaidi ya miaka kumi na tano. Nilikata kiambishi -me-, nikaandika -ta- juu yake, na sote tukatia sahihi zetu ndogo pembeni.